Ukurasa wa Lutandula

Daftari langu halina siasa, lina inchi.
Ukurasa wa Lutandula unaanza mwaka ule wa vumbi:
kiuno ishirini na tisa, bega kumi na saba,
malipo nusu, nusu nyingine "nikishinda".
Alikuwa karani wa mizani kwenye kinu cha pamba,
nyuzi zimemganda kwenye nyusi.
"Fundi, niwekee mfuko wa ndani, mkubwa,
barua za watu wa kisiwani zisije zikalowa."
Nikamwekea, kitambaa maradufu.

Alipoapa, tuliizunguka redio ya muuza dagaa, Kirumba.
Niliposikia meza zinagongwa huko Dodoma
nilijua mkono gani umeinuka,
maana kwapa la kulia nililiachia nafasi.

Miaka mitano. Thelathini na nne.
Mitano mingine. Thelathini na tisa, na kola haifungi.
Siku hizo alikuwa anamtuma dereva, koti ndani ya rambo,
na maagizo: mfuko wa ndani unamvimbisha kifua
mbele ya kamera. Uzibwe.
Nikauziba.
Sikutia mkono ndani. Tusidanganyane:
nilisikia kitu kinachakarika chini ya sindano
nikaendelea kukanyaga cherehani.

Gati liliahidiwa mara tatu. Mara ya tatu
likapata jiwe la msingi. Mbuzi wanalala juu yake.

Kisha kura za maoni: mia na nane kwa mia sita.
Juzi kaja mwenyewe, kwa miguu, akipitia Mwaloni,
viatu vina magamba ya sato.
Thelathini na moja. Kanda ilimzunguka ikabaki.
"Nipunguzie hili, Fundi. Binti yangu anaolewa."
Nikafumua bitana, ikadondoka barua,
karatasi ya daftari la shule, wino wa bluu:
*Mheshimiwa, gati tutalisubiri. Tunaomba taa moja tu
pale mitumbwi inapofikia. Wajawazito wanavushwa usiku.*

Akaisoma akichezesha midomo.
"Ya mwaka gani hii?"
"Koti ni la muhula wa pili."
Akaikunja mlemle ilimokunjwa.
Nikamuuliza kama mfuko niufungue.
Nje mtu alikuwa anagombea bei ya furu.
"Punguza kiuno tu," akasema.

Ile nusu bado anadaiwa, iko kwa penseli.
Barua aliisahau mezani, au aliiacha.
Nimeibana kwenye ukurasa wake,
kati ya thelathini na nne na thelathini na tisa.