Kilomita Nne za Barafu

Machi, nimepita Molo, naelekea Keringet,
kamba za kuzalisha ndama nyuma, ndoo, sabuni.
Mama Wairegi amepiga simu mara tatu:
"Daktari, miguu imetoka, kichwa hakionekani."

Ndipo Mau ikafunga macho.

Mawe machache kwanza,
kama mtu anayerusha maharagwe juu ya bati.
Kisha gunia zima likapasuka.
Nilipayuka humo ndani ya gari
wala sikujisikia.

Ilipokoma, barabara haikuwepo.
Weupe mtupu, toka ua wa mivinje hadi ua wa pili,
weupe wa unga uliomwagika kinuni,
na ukungu ukipanda juu yake.
Viazi vya watu vimelala chali,
majani yamekatwakatwa kama sukuma ubaoni.
Mtoto katoka na sufuria, anazoa mawe,
anatafuna moja, anacheka.
Nyuma yake babake kashika kiuno,
anatazama shamba. Yeye hatafuni kitu.

Forester yangu ni kuukuu, bado nailipia sacco.
Aliyeniuzia, pale Nakuru, alijipiga kifua:
"Hii huvuta kwa magurudumu yote manne, daktari.
Hii hupanda ukuta."
Na kweli ilipanda. Mlima wa kwanza iliumeza
huku Probox ya mtu ikilia mtaroni.
Nikajisifu. Nikaongeza mafuta.
Mteremko wa mtoni ukaniuliza swali jingine.

Kupanda ni kuvuta,
lakini kushuka ni kusimama,
na katika kusimama hakuna gari lililobarikiwa kuliko jenzake:
magurudumu ni manne kwa kila mtu,
utelezi ni mmoja.
Nilikanyaga breki. Ikatetemeka chini ya kiatu kama kifaranga,
na gari likaendelea na safari yake,
kwa adabu, ubavu mbele,
kama ng'ombe asiyetaka kuingia josho.

Hapo nikamsikia Kibitok.
Kaka yangu, mwaka wa tisa Saskatoon,
husambaza mikate alfajiri kwenye theluji.
Hututumia sauti yake, nasi hucheka mezani:
barafu, sisi, ya nini?
"Toa mguu," husema. "Toa mguu kwenye kila kitu.
Tazama unakotaka kwenda, usitazame mtaro,
mikono hufuata macho.
Usukani uguse
kama unayemfunika mtoto aliyelala."

Nikatoa mguu.
Nikatazama daraja, si mto.
Matairi yakatafuta, yakakosa,
yakatafuta,
yakauma lami.

Mwenda pole hajikwai, walisema.
Huku anateleza vilevile,
ila huteleza akijua anakokwenda.

Kilomita nne, dakika arobaini.
Nilimkuta ndama kageuza shingo tumboni,
anatazama alikotoka.
Nikaingiza mkono hadi begani, mkono bado una baridi,
ng'ombe akashtuka, Mama Wairegi akamwomba radhi kwa niaba yangu.
Nikakigeuza kichwa.
Akatoka akipiga chafya,
tukamfuta kwa gunia la viazi
lisilo na kazi tena msimu huu.

Usiku, mawe yote yamekuwa matope,
nimemwandikia Kibitok: Leo nimeendesha gari kwenu.
Nilitaka kuuliza ni nani huketi kando yake
barabara inapopotea.
Nikaandika. Nikafuta.

Akajibu kwa sauti. Kicheko kwanza,
kisha injini tu, sekunde sita, nilizihesabu.
"Kwetu ni huko," akasema.
"Ng'ombe alisimama?"