Mzinga wa Saba

Nusu kikombe cha nyuki,
sukari ya unga vijiko viwili,
kifuniko cha wavu. Tikisa.
Time Shaame anapepeta juu ya sahani nyeupe
kama atafutaye kijiwe kwenye mchele,
anahesabu utitiri: mmoja, wawili,
watatu, wekundu kama chembe za pilipili.
Nyuki, weupe kama waoka boflo,
anawarudisha mlangoni kwao.
Wanamzomea.

Mzinga wa saba, ukingoni mwa mikandaa ya Micheweni,
hauna wa kutikiswa.
Hakuna maiti. Hakuna nondo.
Masega mawili makavu, yamelambwa hadi nta;
mjusi kalala pa malkia.

Fomu iliyotoka Wete ina visanduku viwili tu:
hai,
wamekufa.

Kalamu inangoja.
Hamad Kai, mwenye mzinga, anacheka kidogo:
"Mwanangu Msellem yuko Maskati, huu mwaka wa nne.
Chumbani kwake mna buibui tu.
Mimi mtakuja kuniandikia nini?"

Time anachora kisanduku cha tatu,
kimepinda, nje ya mstari,
anaandika: wamehama.
Anapoinua kichwa
Hamad keshapiga goti,
anasugua nta mpya mlangoni.