Nyuzi Sita, Kiboriloni

Vidole hivi vina miaka thelathini ya cherehani,
vinajua pindo, kola, tundu la kifungo.
Leo vimepewa nyuzi sita
na hakuna hata mmoja unaopenya sindano.

Aminieli, kitindamimba wangu, aliniachia gitaa
alipokwenda chuo Iringa,
na karatasi moja: do, re, mi,
nukta nyeusi kama mbegu za papai.
"Polepole, mama. Usiruke."

Do naipata. Re ni uzi mtupu, haina ujanja.
Mi inaitika.
Fa, sasa, inaangukia kidole cha pete
(pete yenyewe iko koponi, pamoja na vifungo).
Kidole kimezubaa, kimesahau kazi;
kikigusa, uzi unanguruma
kama nzi ndani ya glasi.

Jirani muuza vitenge anauliza
mbona nafunga duka saa kumi na moja.
Namwambia nahesabu mali.
Si uongo. Nahesabu, napotea, naanza upya,
kama mshono uliokwenda upande:
hulaumu kitambaa, unafumua.

Mkono wa kushoto, uliozoea kushikilia tu,
unaota sugu zake wa kwanza.
Jana mlima ulijifunua baada ya mvua,
sikuutazama. Nilikuwa kwenye la,
naelekea ti, pumzi nimeibana,

nikafika do ya juu.

Mteja wa gauni la kipaimara
alikuwa dirishani muda wote.
"Rudia," akasema.
Nikarudia. Fa ikanguruma vilevile.
Nikafumua, nikaanza kwenye do,
gauni lake likangoja.