Mazoezi ya Safari, Sebuleni Chuno

Viti kumi tumeviazima kwa Mzee Nampunju,
vya plastiki, bluu, vile vya kukodisha misibani.
Nimevipanga viwiliviwili, njia katikati,
mpaka Bi Asumini wa nyumba ya pili akaja mbio,
khanga inamvuka bega:
"Jamani, nani katutoka?"
Hakuna. Mama anapanda treni.

Keshokutwa basi la alfajiri hadi Dar,
alale kwa Shamila, kisha treni ya Dodoma
akamwone mjukuu ambaye arobaini haijatimia.
Miaka sitini na mitatu, na treni hajaiona
ila kwenye televisheni ya duka la dawa.
Mimi nimeipanda mara moja, kikao cha chama cha korosho,
na mara moja, huku Mtwara, yatosha kuwa mtaalamu.

Kwanza, Mama, fika mapema.
Treni haina mpiga debe,
haina "twende, twende, bado mmoja".
Saa ikigonga mlango unajifunga,
na ukiwa bado unatafuta miwani
itakuacha na miwani yako.
Kitambulisho kae hapa, si kwenye pindo la khanga.
Jina la tiketi lifanane nacho herufi kwa herufi:
Somoe. Si Mama Shamila.

Behewa lina namba yake, kiti kina yake.
Ya behewa isome ungali chini,
maana ukiingilia la mbele nawe ni wa nyuma
utapita na mzigo magotini mwa watu
ukisema samahani hadi Morogoro.
Na wanaoshuka waache washuke kwanza.
"Kumbe hata treni ina hodi," akacheka.

Mzigo mkubwa, kichanjani karibu na mlango.
"Na ming'oko?"
Ming'oko pia.
"Ikiibwa?"
Nani Dodoma ataiba ming'oko, Mama,
hata kuimenya hajui.
"Basi naipakata."
Tukabishana hapo mpaka chai ikapoa.

Viti vingine hutazama mbele, vingine hutazama ulikotoka.
Ukipangiwa cha nyuma usihesabu nguzo,
tazama vilima vya mbali, kichefuchefu hakikupati.
Ukikuta mtu kakaa kwako usigombe,
mwonyeshe tiketi, nyamaza, acha namba iseme.
Mfaume wa jirani alishajibwaga dirishani, kiti cha nne.
Mama akamnyoshea kile kipande cha daftari.
"Mie sijui kusoma," akasema Mfaume.
Hilo sikuwa nimelipangia.

Mara ya tatu nikamtoa barazani, mfuko mkononi.
Angalia pengo, nikamwambia,
kati ya jukwaa na mlango, watu huvunjikia hapo.
Akatazama chini.
Kizingiti chetu ni taluma la chuma.
Babu alilikokota siku reli ya Nachingwea iling'olewa,
akalilaza mlangoni lizuie maji ya masika.
Tangu aolewe hapa Mama ameliruka
na ndoo kichwani, na mimi mgongoni,
na gizani umeme ukikatika.
"Hili," akasema, "usinifundishe."
Akavuka.

Akampita Mfaume, akapita viti vyote,
akaenda kukaa cha mwisho kabisa,
kinachotazama mlango na barabara,
na kwa hiyo ndiye aliyemwona wa kwanza
Mzee Nampunju akija kudai viti vyake:
Magomeni kuna msiba, wa kweli.

Tukavibeba kimyakimya, viwiliviwili.
Kimoja kikabaki, Mama juu yake,
ming'oko mapajani.
"Hiki nitakirudisha mwenyewe," akasema.
"Bado hatujafika Morogoro."