Donda Ndugu

Jumatano, saa mbili asubuhi, kliniki ya Łódź.
Theluji imeng'ang'ania vioo.
Bi Genowefa anavua soksi
kama mtu anayefungua barua
ambayo tayari anajua imeandikwa nini.

Miaka sita donda hili limeishi naye,
juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto.
Limekaa mezani Krismasi.
Limesimama naye kaburini kwa mumewe.
Donda la namna hii ni ndugu:
halipigi hodi, halilipi kodi, halihami.

Kazi yangu mimi ni kupima.
Nalaza karatasi angavu, nafuata ukingo kwa kalamu,
mchora ramani wa kisiwa
kisichotakiwa na taifa lolote.
Wiki ya kwanza: kumi na moja nukta nne.
Harufu: ipo. Ute: mwingi.
Maumivu, kati ya sifuri na kumi?
"Andika saba. Nane namwachia Mungu."

Bahasha zilifungwa kabla hatujamjua.
Ndani, neno moja tu: Mwani, au Shashi.
Mwani ni kitambaa kipya,
hunywa ute kikageuka jeli,
kikaondoka bila kuliza ngozi.
Shashi ni shashi.
Kompyuta iliyogawa haijui nani kachoka.
Nilipasua bahasha yake mbele yake.
Shashi.

Akacheka; nilidhani analia.
"Miaka thelathini na moja," akasema,
"kiwanda cha matofali mekundu, mtambo namba arobaini,
nilifuma hiyo hiyo. Nyuzi kumi na saba kwa sentimita.
Mitambo ikauzwa chuma chakavu, sisi tukarudishwa nyumbani.
Kumbe ilikuwa inanifuata."

Basi kila Jumatano nilibandua alichofuma.
Shashi ikikauka huota meno.
Hung'oka na ngozi changa ya waridi,
nyembamba kama utando wa maziwa,
iliyokuwa imejaribu wiki nzima.
Namwagia maji ya chumvi, nangoja, namwagia tena.
Yeye anatazama dari, anahesabu chini kwa chini.
Si maumivu anayohesabu. Ni nyuzi.

Bwana Seweryn, dereva wa tramu mstaafu, alipata Mwani.
Wiki ya tisa donda lake likafumba
kama jicho la mtoto aliyeshiba.
Akaleta keki ya mbegu za popi,
akaona haya, akala nusu peke yake.
Genowefa akampa mkono wa pongezi,
kisha akaniuliza bila kunitazama:
"Na nikitaka kutoka?"
Unaruhusiwa, nikasema. Ukurasa wa pili, uliutia saini.
Akafikiri.
"Ukikata uzi katikati, nguo hujikunja. Naendelea."

Sijui kama ningembishia.
Hata leo sijui.

Wiki ya kumi na mbili: kumi nukta tisa.
Nikafunga faili, nikaipandisha kwa Daktari Zbrożek,
ambako mguu wake sasa ni nukta
kwenye mstari uliokataa kushuka.

Jumatano iliyofuata hapakuwa na bahasha.
Nilifungua pakiti ya Mwani.
"Lete kwanza."
Akakiinua mwangani, akavuta pembe, akakinusa.
"Hakina mtande. Hakina mshindio. Kimefumwa na nani?"
Hakuna, nikasema. Nyuzi zimelazwa tu, zikashindiliwa.
"Ndiyo maana hakishiki,"
akasema, kwa sauti ya fundi
aliyeiona kazi ya mwenziwe, hakuipenda,
akaikubali.

Ni Machi. Donda limebaki ukucha wa kidole cha mwisho.
Bado napima, ingawa hakuna jedwali linaloningoja.
Nachora kisiwa kinachozama, naandika tarehe,
naificha karatasi kwenye droo, chini ya ufunguo wa baiskeli.

Anavaa soksi taratibu.
Ndugu anaaga, namwambia.
"Usimharakishe," anajibu.
"Huyu ana tabia ya kusahau kitu, akarudi."