Ratiba ya Sita

Karatasi ya manila niliinunua Samastipur, dukani kwa Jhunnu,
pana kama mlango. Nikaipigia mistari kwa rula na kalamu ya bluu
hadi siku mia saba na thelathini zikaenea humo,
kila moja na kijumba chake kama njiwa.
Historia ya kale, miezi miwili. Katiba, mitatu.
Jiografia alfajiri, kabla joto halijapanda ukutani.
Jumapili: marudio.
Usingizi saa sita, nikaupaka kijivu,
ili hata kulala kuwe kazi ya serikali.

Mama akasimama nyuma yangu, mikono yanuka samadi na sabuni.
"Siku ya kuugua umeiweka wapi?"
Nikacheka. Sikuwa nimeiweka.

Upande wa pili wa ukuta huo huo, karibu na zizi,
mama huandika maziwa ya nyati wake wawili.
Kusoma hajui. Anayo chaki:
mstari mmoja, lita moja;
wa tano hulala kifudifudi juu ya wenzake.
Kwa Daktari Thakur, mistari hamsini na minane.
Kwa mjane wa posta, michache, na haidaiwi.
Mwezi ukiisha hupita, hulipwa,
hufuta ukuta kwa kitambaa kibichi
na kuanza upya bila kujilaumu.

Ratiba ya kwanza ilikufa kwa homa ya Agosti.
Ya pili, kwa harusi ya dada yangu Rambha:
wageni wiki tatu, na mimi nakaanga puri
huku nikinong'ona majina ya wafalme wa Magadha.
Ya tatu, transfoma ililipuka.
Ya nne niliiua mwenyewe, sina wa kumsingizia.
Ya tano ilinifikisha Patna, chumba cha mtihani, dawati la dirishani,
nikaanguka kwa alama mbili na theluthi.
Hiyo theluthi
ndiyo niliyolala nayo mwaka mzima.

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo.
Hawakusema gogo ni lipi,
silabasi au mimi.

Nina miaka ishirini na tisa. Shangazi haulizi tena mtihani,
anauliza umri, kisha anahesabu kwa vidole, polepole, nimwone.
Shailja, niliyeanza naye, amekata tamaa na amenenepa vizuri;
anafundisha watahiniwa wapya,
na noti zake ananiuzia kwa punguzo.
Mito naijua kwa mpangilio: Gandak, Bagmati, Kamla, Kosi;
chanzo, urefu, matawi.
Lakini Burhi Gandak ilipopanda mwaka juzi
iliingia jikoni bila kuuliza swali,
ikainua sufuria, ikachukua madaftari manne,
na kwenye manila ikaacha alama ya tope
sawasawa na mstari wa mwezi wa Mei.

Leo nimerudi kutoka sokoni bila karatasi.
Mama alikuwa amechutama, paji la uso kwenye ubavu wa nyati,
ndoo ikiimba kwa sauti ya chini inapojaa.
Nikamwomba chaki.
Hakuuliza ya nini. Akaivunja,
akanipa kipande kirefu.

Nikakaa juu ya gunia la pumba, kitabu magotini,
hadi mbu wakanishinda.
Kisha nikaenda ukutani, chini ya maziwa ya Daktari,
nikachora mistari miwili.
Saa mbili. Na nusu.
Nikasimama na chaki hewani.
"Mama, nusu inaandikwaje?"

"Nusu siiandiki," akasema, bila kugeuka.
"Naikumbuka."