Neshi

Machi, Derbyshire. Theluji iliyochelewa imefika kitasani.
Bwana Thirkell, mkusanyaji wa maneno,
anafuta miwani kwa ncha ya tai,
anafungua daftari, swali la mia mbili na saba:
"Mtu anayeshindwa upesi na baridi, hapa mnamwitaje?"

Enoch Wragg anatazama birika.
Miaka arobaini na mmoja chini ya ardhi;
makaa yamemwachia michirizi ya samawati mikononi.
Neno analijua. Bonde zima linalijua:
neshi, anayevaa koti mwezi wa Septemba,
neshi, anayepasha maji ya kunawia,
neshi, mvulana anayetetemeka kwenye foleni ya lifti ya mgodi,
na foleni nzima inacheka.
"Hatuna jina lake," anasema.

Thirkell anajua anadanganywa.
Amelikuta neno hili kwenye ngozi za kondoo,
katika mwandiko wa watawa, wino umegeuka kutu,
zamani, kabla halijatiwa aibu.
Utujalie moyo neshi, waliomba,
moyo unaobonyea kama nta.
Watunzi wao waliyapa majani mapya neno hili,
wakalipa shavu la mtoto, jibini lisiloshika bado.
Sisi tungesema mwororo. Tungesema teketeke.
Kisha kikaja chuma, ikaja zamu ya saa kumi alfajiri,
na ulaini ukawa kosa.

Anachora kistari mahali pa jibu.

Hepzibah ndiye anayemsindikiza, kupitia jikoni.
Nyuma ya mlango limetundikwa koti la sufu,
la kijana, vifungo vyote vipo.
"Clement hakulivaa," anasema. "Walikuwa wakimcheka.
Majira yale hata sisi hapa nyumbani tulimcheka."
Anainama kwenye sanduku kando ya jiko,
anamnyanyua mwana-kondoo aliyezaliwa usiku,
manyoya bado yana majimaji,
anashika kidole cha mgeni, anakigusisha
upande wa ndani wa sikio.

"Hii," ananong'ona, mumewe asisikie,
"hii ndiyo neshi."

Thirkell haandiki.
Nje upepo unashuka mlimani kama deni.
Anafunga vifungo vya koti lake hadi shingoni,
anavuta kofia, anazungusha skafu mara mbili,
taratibu, mbele ya dirisha
ambamo mzee amesimama akimtazama.